Popo Mwenye Uzi

Popo wa filamu ile alikuwa na uzi. Ukikaa mbele, upande wa kushoto wa shuka la kuonyeshea, uliuona ukimetameta kila alipopita juu ya dirisha la jumba. Mara moja, katikati ya filamu, popo alijizungusha kwenye uzi wake akabaki ametuonyesha tumbo, na tumbo lilikuwa la kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. Niliuona uzi huo siku ya kwanza kabisa, Makambako, na bado nikaogopa. Sasa nimezeeka, nimetazama filamu nyingi zilizotengenezwa kwa fedha nyingi, lakini sijapata nyingine ambayo naipenda na kuionea haya kwa pamoja kama ile.

Waingereza walikuwa bado wanatawala. Makambako ilikuwa njia panda tu: barabara ya Iringa inafika pale, mkono mmoja unakwenda Mbeya, mwingine unapanda Njombe na kuendelea hadi Songea. Palikuwa na maduka machache ya Wahindi, pampu ya petroli, maghala mawili matatu ya mazao, na upepo usiopumzika. Mimi nilikuwa nikipakia na kupakua malori. Kabla ya hapo nilibandua magome ya miti ya miwati, nilikausha maua ya pareto, nilichonga mfereji wa barabara, niliosha vyombo katika hoteli ya wasafiri. Hakuna kazi iliyonishika mwaka mzima. Shule yenyewe niliiacha darasa la nne kwa sababu lori liliharibika mbele ya uwanja wetu, fundi akafungua injini, nami nikasimama kumtazama siku mbili. Siku ya tatu lori lilipopona nilipanda juu ya mzigo ili nijue linakokwenda.

Mwenye filamu alikuwa mzee wa Kihindi, mwembamba, aliyevaa sweta mbili moja juu ya nyingine. Alikuja na lori dogo lenye mashine ya sinema na jenereta, na mikanda ya filamu tatu. Moja ilikuwa ya wapanda farasi, moja ya mtu mnene anayeanguka kila mahali, na ya tatu ndiyo hii ya kutisha. Alizipata zikiwa zimeshachoka kwa kuonyeshwa kwingine, kwa hiyo picha zilikuwa na mikwaruzo kama mvua, na filamu ya kutisha haikuwa na mwisho. Kipande chake cha mwisho kilipotea kabla hata hajainunua. Picha ilifika mahali binti anashika kitasa cha mlango, kisha shuka likawa jeupe.

Alionyesha mchana. Usiku wa kwetu ni wa baridi, na watu wa kazi hulala mapema. Alikodi ghala, akaziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka ukutani, watu wakakaa chini. Kilichompungukia ni mtu wa kueleza. Filamu ilizungumza Kiingereza, na kijana aliyekuwa akisimama kando ya shuka kuwaambia watu kinachosemwa alikuwa ameoa Iringa akakataa kuondoka.

"Nani hapa anajua Kiingereza?" mzee aliuliza siku tuliyomshushia vifaa.

Nilinyoosha mkono.

Mtani wangu, Mngoni mmoja aliyekuwa utingo wa lori la Songea, aliangua kicheko. "Huyu? Huyu Mbena Kiingereza chake ni majina ya spana!"

Hakukosea sana. Nilijua njoo, nenda, kaa, asante, ndiyo bwana, na vyuma vyote vya lori. Lakini mzee alitaka sauti, na sauti nilikuwa nayo. Alinipa bati lililokunjwa kama faneli ili niongelee humo.

Nikaitazama filamu mara moja pamoja na mzee, ghala likiwa tupu, kisha nikaanza kazi. Kulikuwa na jumba la mawe juu ya kilima. Mlango wake ukifungwa kwa nguvu, ukuta wote wa mawe ulitikisika kama turubai. Kulikuwa na gari la farasi lililopita mbele ya mti uleule mara tatu, watu wakisema wamesafiri mbali. Mwezi ulikuwa na mkunjo. Ndani ya jumba aliishi mzee mrefu mwenye koti jeusi, na meza yake ilijaa chupa na mipira mirefu ya kunyonyea. Kulikuwa na binti mgeni, mnyonge, anayelala sana. Na kulikuwa na mwanamume mwembamba mwenye kofia, ambaye kila mara alimjia binti kwa kupitia dirishani, akimsemesha kwa haraka na kumvuta mkono.

Maneno yao sikuyaelewa. Nikajitungia. Chupa na mipira nilikuwa nimeviona mahali pamoja tu duniani, hospitali ya misheni nilipopelekwa na kidonda cha mguu. Basi yule wa koti jeusi nikamfanya daktari. Mwenye kofia, kwa kuwa hakupita mlangoni, nikamfanya mwizi.

"Huyu ni daktari!" nilitangaza ndani ya bati. "Mchana anatibu. Lakini angalieni hizo chupa. Hizo chupa si za dawa."

Nilisikia pumzi za watu zikikatika. Halafu mtu nyuma, kwa sauti ndogo, akasema, "Mumiani."

Siku hizo habari za mumiani zilikuwa kila mahali. Walisemwa kuwa ni watu wanaokamata wapita njia na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Hakuna aliyewahi kukutana nao. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua aliyekutana nao. Filamu haikulitaja neno hilo wala mimi sikulitaja. Lakini nililiona linavyotembea ghalani kutoka mdomo hadi mdomo, nikaona watu wanavyosogeleana, nikanogewa. Sijui niseme vipi zaidi. Maisha yangu yote nilikuwa nimesimama kando kutazama injini za watu, na sasa injini ilikuwa mikononi mwangu. Kila onyesho niliongeza kidogo. Mwisho uliopotea niliutunga upya kila mara: mara binti alikufa, mara alitoroka, mara mlango ulifunguliwa na nyuma yake walikuwa madaktari kumi.

Baada ya majuma mawili mzee alisema tupande Njombe.

Nilifurahi, kwa sababu Njombe ndiko aliko shangazi yangu. Mama alifariki nikiwa sijaweza hata kuchunga mbuzi, na dada huyu wa baba ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa nje ya mji, upande wa njia iendayo Mdandu, kwenye shamba la viazi na mianzi michache ya pombe ya ulanzi aliyoiruhusu kugemwa ingawa mwenyewe hakuonja. Alikuwa mwimbaji katika kwaya ya usharika, sauti ya kwanza. Alikuwa na rovu. Wanawake wengi wa huko kwetu juu walikuwa nalo, uvimbe wa shingoni unaokua polepole, na kwa miaka hakuna aliyeuhesabu kuwa ugonjwa. Lakini la shangazi lilizidi ngumi mbili. Pumzi yake ilikuwa na mluzi. Kulala alilala ameketi, ameegemea gunia la maganda ya maharage.

Daktari wa misheni alimwambia kwamba uvimbe unaibana njia ya hewa na lazima ukatwe. Akichelewa, siku moja pumzi haitapita. Alifikiri mwezi mzima, akaomba ushauri kwa mchungaji, akakubali. Jumatatu lori la misheni lingempitia. Sisi tulifika Njombe Jumamosi.

Tulionyesha katika ghala la magome ya miwati. Harufu yake ilikuwa chachu, inakausha mdomo. Shangazi alikuja na wenzake watatu wa kwaya, wote wamejifunga mablanketi, akanipa kikapu cha viazi vya kuchemsha mbele ya watu wote.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu. "Nimesikia umekuwa mtu wa kusema mbele za watu. Nimekuja nione kama unatafuna maneno kama zamani."

"Kaa mbele, shangazi. Hapa kushoto, picha ni nzuri."

Nilimkalisha mahali pazuri kuliko pote.

Sitaki kulieleza onyesho lile kwa urefu. Nilisema vizuri siku hiyo kuliko siku zote, kwa sababu alikuwepo. Ilipofika pale mwenye koti jeusi anapoinama juu ya binti aliyelala, na kidole chake kirefu kinapita shingoni, nilishusha sauti kama nilivyozoea.

"Sasa daktari anatafuta mahali pa kukata," nilisema. "Anapapasa. Ni hapa, shingoni. Hapa ndipo damu ilipo karibu."

Mwanga ukaingia ghafla, picha ikafifia. Mtu alikuwa amefungua mlango mkubwa wa ghala, na wanawake wanne walikuwa wakitoka. Sikuwatambua, nilikuwa naangaliana na jua.

"Fungeni mlango!" niligomba ndani ya bati. "Fungeni mlango huko!"

Ukafungwa. Nikaendelea. Taa zilipowaka nikaona nafasi ya kushoto iko tupu, na kikapu cha viazi kipo.

Kesho yake baada ya ibada nilimkuta uani kwake akimenya viazi. Hakuwa na haraka. Alinikaribisha kigoda, akanipa kisu, tukamenya wote. Ganda lake lilitoka jembamba, refu, bila kukatika. Langu lilitoka nene.

"Kesho ukikutana na dereva wa misheni," alisema, "mwambie asijisumbue kupita hapa."

"Kwa nini, shangazi?"

"Siendi."

"Kwa sababu ya filamu? Shangazi, ile ni michezo tu. Watu wamejipaka unga usoni."

"Daktari alinishika hapa." Aliweka kisu chini, akajipapasa shingo taratibu, kidole kimoja. "Akasema, ni hapa tutakapokata. Maneno yaleyale. Wewe hukuwepo aliposema. Umeyajuaje?"

"Nilitunga."

"Ulitunga."

"Sijui Kiingereza, shangazi. Sijui hata wanasema nini mle. Ninatunga yote."

Pumzi yake ilipiga mluzi, ikaingia, ikapiga mluzi, ikatoka. "Ulisimama mbele ya wanawake niliowaambia kwamba wewe nilikulea mimi," alisema, "ukatunga?"

Aliokota kisu, akaendelea na kiazi chake.

Jumatatu lori la misheni lilipita, likasimama, likaondoka bila yeye. Dereva aliniambia kwamba wagonjwa wengine wawili aliokuwa awapitie siku hiyo nao hawakutoka nje.

Nilianza kulala kwa shangazi, chumba cha pili, nikisikiliza mluzi ule kupitia ukuta wa matope. Uliponyamaza kidogo niliinuka nikakaa. Niliwaza jinsi ningemrudishia yale niliyomwondolea. Mchungaji alikuja, akajaribu kumshawishi. Shangazi alimsikiliza kwa heshima, akampa maziwa, akamsindikiza. Watu wa nyumbani walijaribu. Siku ya tatu nilikwenda kwa karani mmoja wa boma, mtu aliyesoma sana, ambaye nilikuwa nimemwona ghalani amekaa juu ya marobota ya magome. Nilimwomba anifafanulie filamu ile inasema nini hasa.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Nilikuwa nikikusubiri uje," alisema. "Yule mwenye koti jeusi si daktari kabisa. Ni bwana mwenye jumba. Zile chupa ni za mvinyo, anatengeneza mwenyewe, ndiyo sababu ya mipira. Damu anakunywa, ndiyo, lakini kwa meno."

"Na mwenye kofia? Mwizi?"

"Huyo ndiye daktari."



"Filamu nzima," karani alisema, "yule maskini anapita dirishani kwa sababu mlangoni amefungiwa. Kazi yake yote ni kumsihi yule binti atoke waende hospitali. Na wewe kila akifika unapiga kelele, mwizi huyo, mwizi huyo!"

"Bwana karani, kwa nini hukuniambia siku ileile?"

Alivaa miwani. "Ulikuwa unasema vizuri. Nilitaka nijue utaishia wapi."

Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi, kisha hasira ikanigeukia, maana nami nisingefanya vingine. Hata mimi ningetaka kujua mtu ataishia wapi.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mzee wa sinema airudie filamu ile katika ghala lilelile. Hakuona ubaya, kwa kuwa ndiyo iliyoleta watu wengi. Sikumwambia nia yangu. Ghala lilijaa kuliko mara ya kwanza, lakini shangazi hakuja. Nilishika bati, nikasema kila kitu kama karani alivyonieleza. Mwenye koti jeusi ni tajiri mlevi mbaya. Zile ni chupa za mvinyo. Mwenye kofia ni daktari, amekuja kumwokoa binti.

Kisha mwanamke mmoja akasema, bila kupaza, "Juzi alikuwa mwizi."

"Juzi nilikosea, mama. Leo ndiyo kweli."

"Ulikosea vipi? Si tulimwona anapita dirishani?"

"Wamempa mkate wa misheni huyu!" mwingine akapaza sauti. "Wamemtia siagi mdomoni!"

"Mrudishe daktari wetu!"

Mtani wangu Mngoni, ambaye lori lake lilikuwa limelala Njombe siku hiyo, alisimama katikati ya watu akanyoosha mikono. "Jamani, mwacheni! Mbena hubadilika na hali ya hewa!" Watu wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichoniokoa na magome waliyoanza kuokota. Lakini hakuna aliyeniamini. Picha zilikuwa zilezile, binti yuleyule, kidole kilekile shingoni, na kila mmoja alijua kwa macho yake kwamba yule ni daktari. Maneno yangu ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya picha na hayakutaka kutoka.

Mzee alizima mashine kabla ya wakati. "Kijana," aliniambia tukikunja shuka, "watu wanataka daktari. Wape daktari."

"Siwezi tena, mzee."

Alinielewa, nadhani, ila alikuwa na njia ndefu mbele yake na petroli ya kununua. Tuliachana kwa wema. Kabla hajaondoka nilimwomba kipande cha mkanda, maana filamu ilipokatika yeye huondoa sehemu mbovu na kuunga. Alipekua kwenye kopo, akanipa kipande chenye urefu wa kiganja.

Nilipofika nyumbani shangazi alikuwa ameshapata habari. Ghala na nyumba yake vilitenganishwa na mwendo wa saa nzima, lakini maneno yalinitangulia.

"Jumamosi ile daktari," alisema. "Jumamosi hii mlevi. Jumamosi ya tatu atakuwa nani? Mchungaji?"

Nilimpa kile kipande cha mkanda. Nilimwonyesha jinsi ya kukiinua kwenye mwanga wa mlango. Alifumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu, akikisogeza kidogo kidogo kwa kidole gumba, picha baada ya picha. Ilikuwa ni sehemu ya popo, na kila picha alikuwa yuleyule, ila amesogea kidogo sana.

"Ana uzi," alisema.

"Umeuona!"

"Nimeuona. Niliuona hata siku ile, ulinikalisha mbele." Alinirudishia kipande. "Popo sikumwogopa, mwanangu. Hata yule mzee wa unga usoni sikumwogopa. Anatia huruma, koti lake halina kifungo kimoja. Niliogopa sauti yako. Naijua tangu ulipokuwa unalilia uji. Nikasema, huyu hawezi kuniongopea."

Nje jua lilikuwa likishuka, na ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Shangazi alivuta pumzi, mluzi ukawa mrefu, akasubiri upite.

"Kuna neno moja la hospitali sikukuambia," alisema. "Walitaka niende na ndugu wa kutoa damu, niongezewe nikikatwa. Wewe hukai nyumbani, nikapanga kumwomba mtu mwingine. Sasa nataka uwe wewe. Utatangulia kulala, nami nitakaa nikutazame. Chupa ikijaa damu yako, na ukabaki unasema ovyo kama kawaida yako, nitalala."

"Na nisipobaki nikisema?"

"Basi nitarudi nimenye viazi."

Tulikwenda na lori la misheni Jumatatu. Dereva hakuuliza kitu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia nikijifanya natazama mashamba ya ngano. Nilijua popo ana uzi. Nilijua daktari ni mwenye kofia. Nilijua kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima kwamba ule uongo wa chupa za damu ni wangu, nimeutunga mwenyewe katika ghala la Makambako nikiwa na njaa. Na bado niliogopa, kama nilivyomwogopa popo.

Kwanza walichukua tone la damu yangu na lake, wakaenda kuona kama zinapatana. Tukangoja. Halafu muuguzi, mama wa makamo kutoka upande wetu, akanilaza kwenye kitanda chembamba. Mlango wa chumba kile ulikuwa mzito, ilibidi uinuliwe kidogo ndipo ufungwe, na ulipofungwa ukuta haukutikisika. Nakumbuka nililiangalia hilo. Shangazi aliwekewa kigoda karibu na miguu yangu. Juu ya meza kulikuwa na chupa ya kioo na mpira mwembamba, vyote safi. Chupa ilikuwa ndogo kuliko ya kwenye filamu.

"Usikaze mkono, kaka," muuguzi alisema. "Ukikaza utaumia."

Nilikaza.

"Haya, sema basi," shangazi alisema. "Ghalani ulikuwa hunyamazi. Niambie kinachofanyika."

Mdomo ulikuwa mkavu kama siku ile ya magome. Nilianza kwa Kibena, maana Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

"Ananifunga mpira juu ya kiwiko," nilisema. "Umebana. Sasa ananipapasa mshipa. Anapaka kitu cha baridi, kinanuka kama ulanzi uliochacha sana." Muuguzi alicheka. "Sasa ameshika sindano. Ni nene, shangazi. Sitaki kuiangalia, naangalia dari. Darini kuna doa la maji. Sasa ameichoma. Inauma. Inauma kama siafu, siafu mmoja tu, haongezeki. Sasa inapita kwenye mpira, ni nyeusi kuliko nilivyodhani. Mpira una joto mkononi mwangu. Hakuna kingine. Nangoja. Nafikiri nina njaa."

Niliendelea hivyo mpaka chupa ilipojaa. Sikuongeza kitu. Ilikuwa maelezo mabovu kuliko yote niliyopata kuyatoa; ghala lingenizomea. Shangazi alisikiliza mikono ikiwa mapajani, macho yakienda usoni kwangu na kwenye chupa. Muuguzi alipochomoa sindano na kunikunja mkono, nilisema, "Imekwisha. Ananipa chai."

"Yenye sukari?" shangazi aliuliza.

"Yenye sukari."

Alisimama, akafungua kitambaa chake cha shingoni, akakikunja mara nne, akanikabidhi. Alimwambia muuguzi kwamba yuko tayari.

Alikatwa kesho yake asubuhi. Damu yangu ilitumika, waliniambia, si yote. Kwa siku nyingi hakusema, alinong'ona tu. Nilikaa kule hadi alipotoka, nikachota maji na kupasua kuni za jikoni, na jioni niliwaeleza wagonjwa wengine habari za injini za malori, ambazo nazijua. Tulirudi Njombe wakati viazi vya mapema vinachimbwa. Alama shingoni mwake ilikuwa nyembamba, imepinda kidogo. Alilala chali, ubavu, vyovyote alivyotaka, na mimi usiku niliamka kwa mazoea nikisikiliza mluzi ambao haupo.

Sauti yake ilirudi, ila haikurudi ilipokuwa. Ilishuka. Katika kwaya alihamia kwa wanawake wa sauti ya pili, akakaa huko hadi mwisho wa maisha yake bila kulalamika. Mimi nilisimama mlangoni mwa kanisa Jumapili ya kwanza, nikasikia wimbo niliouzoea ukipanda hadi mahali pake na kukosa kitu pale juu. Alikuwa hai, na pale juu palikuwa patupu. Hayo mawili sijaweza kuyaunganisha, na filamu ile kwangu iko katikati yake. Naipenda kwa sababu ya ule mwezi wenye mkunjo na lile koti lisilo na kifungo, watu maskini wa mbali wakijitahidi kututisha kwa kitambaa na uzi. Na siwezi kuikumbuka bila kusikia sauti yangu ndani ya bati ikisema fungeni mlango.

Muda mfupi kabla sijaondoka tena, safari hii kuelekea Mbeya, tulikuwa tunamenya viazi.

"Yule binti," shangazi alisema kwa sauti yake mpya. "Nilitoka kabla. Mwishowe alifanyaje?"

Nilikuwa na miisho saba au minane kichwani, mizuri. Mmoja alikuwa wa kumfurahisha yeye hasa: daktari mwenye kofia nyuma ya mlango, gari la farasi linangoja.

"Sijui, shangazi," nilisema. "Anashika kitasa, halafu mkanda umekatika. Mwisho haupo."

Aligeuza kiazi, akakikagua, akaondoa jicho lililobaki kwa ncha ya kisu.

"Hilo nakuamini," alisema, akakitumbukiza majini.